Konda, suka na mizani ya bafuni

Kiswahili chetu kina utani. Neno "konda" likisimama peke yake linaweza kuwa yule jamaa anayening'inia mlangoni mwa daladala akidai nauli. Linaweza pia kuwa amri: punguza mwili! Leo nataka kuwasimulia jinsi maana hizi mbili zilivyokutana, si Mwenge wala Mbagala, bali London, zaidi ya miaka 70 iliyopita. Na kilichozaliwa pale ni jambo ambalo wengi wetu hatujalielewa mpaka leo, pamoja na kelele zote za kupunguza uzito zinazotuzunguka.

Tukubaliane kwanza kwamba sisi wenyewe hatueleweki. Ukikutana na mtu mliyepotezana siku nyingi unamwambia, "Umenenepa bwana, mambo yako safi!" na yeye anacheka kwa furaha. Wiki hiyohiyo mtu yuleyule ananunua chai ya kukata tumbo kwa rafiki yake wa ofisini. Mwembamba anaitwa kimbaumbau, mnene anaitwa bonge, na wote wawili wanatakiwa wacheke maana ni utani tu. Tunasifia unene mdomoni, tunauogopa moyoni, na katikati ya sifa na hofu mizani ya bafuni imegeuka kuwa hakimu. Swali langu ni hili: nani aliipa mizani hiyo kazi ya uhakimu?

Kabla ya kujibu, twende London.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Waingereza waliona jambo la kutisha. Wanaume wa makamo, watu wenye kazi zao na familia zao, walikuwa wanaanguka kwa shambulio la moyo kwa wingi usio wa kawaida. Hakuna aliyekuwa na hakika ni kwa nini. Daktari mmoja, Jeremy Morris, aliyezaliwa mwaka 1910 na kukulia Glasgow katika familia ya wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Poland, alihisi kwamba huenda aina ya kazi anayofanya mtu ina mkono wake humo. Lakini kuhisi ni jambo moja, kuthibitisha ni jingine. Ukimlinganisha mkulima na karani utaambiwa wanakula tofauti, wanalala tofauti, wana mishahara tofauti. Alihitaji watu wanaofanana karibu kila kitu isipokuwa kimoja.

Akawapata ndani ya basi.

Mabasi ya London wakati huo yalikuwa ya ghorofa, na kila basi lilikuwa na watu wawili: dereva na kondakta. Mwajiri wao mmoja, mitaa wanayoishi ni ileile, moshi wanaovuta ni uleule, basi lenyewe ni hilohilo moja! Tofauti ni kwamba dereva alikaa kwenye kiti karibu asilimia 90 ya muda wake wa kazi, wakati kondakta alikuwa anapanda na kushuka ngazi kukatisha tiketi juu na chini. Walipohesabu ngazi hizo ilionekana kondakta anapanda kati ya 500 na 750 kwa siku moja ya kazi. Hakwenda jimu, hakuvaa raba, wala hakumlipa mwalimu wa mazoezi. Alikuwa anatafuta nauli.

Kuanzia mwaka 1949 Morris na wenzake walifuatilia wafanyakazi wa usafiri wapatao 31,000 wenye umri wa miaka 35 hadi 64. Matokeo yakachapishwa mwaka 1953 katika jarida la kitabibu la The Lancet. Makondakta walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva. Waliopata, waliupata wakiwa na umri mkubwa zaidi, na uwezekano wa kufa mapema baada ya shambulio ulikuwa kama nusu tu ya ule wa madereva.

Najua mtasema nini. Huenda dereva ana presha ya barabarani, anagombana na magari kutwa nzima, ndiyo maana moyo unamshinda. Morris naye aliliona hilo, na ndipo ninapompendea mzee huyu. Alikwenda posta. Kule akawalinganisha makarani na watu wa simu wanaokaa kwenye viti, na wale wanaopeleka barua mitaani kwa miguu na kwa baiskeli. Hakuna foleni ya magari hapo wala usukani. Picha ikawa ileile: anayetembea moyo wake una nafuu, anayekaa yuko hatarini.

Sasa tunafika kwenye kipande ninachokipenda kuliko vyote.

Wapo waliosema, sawa, lakini labda madereva ni wanene tu. Mtu mnene anachagua kazi ya kukaa, mwembamba anachagua ya kupanda ngazi. Morris angefanyaje? Kupima maelfu ya watu ilikuwa shughuli kubwa. Ila kampuni ya usafiri ilikuwa inawashonea wafanyakazi sare, na stoo ya sare ilikuwa na kumbukumbu ya kiuno cha kila suruali! Mwaka 1956 timu yake ikachapisha makala juu ya sare za watu wa mabasi. Na kweli, viuno vya madereva vilikuwa vikubwa kuliko vya makondakta, na tofauti ilionekana hata kwa vijana waliokuwa ndiyo kwanza wameajiriwa. Kwa hiyo waliosema hivyo walikuwa na hoja.

Lakini hadithi haikuishia kwenye suruali. Walipoendelea kuchambua, walilinganisha kondakta mwembamba na dereva mwembamba, kondakta wa mwili wa kati na dereva wa mwili wa kati, kondakta mwenye kitambi na dereva mwenye kitambi. Katika kila kundi kondakta ndiye aliyekuwa na nafuu ya kutokufa ghafla kwa moyo. Soma tena sentensi hiyo. Bonge anayepanda ngazi alikuwa na afadhali kuliko bonge aliyekaa, na kimbaumbau aliyekaa hakupewa msamaha kwa sababu ya wembamba wake.

Hili ndilo ninalotaka tuondoke nalo leo. Mwili una mambo yake na mwendo una mambo yake. Ni ndugu, lakini si mtu mmoja.

Morris hakuchoka. Miaka ya mwisho ya 1960 aliwageukia watumishi wa serikali ya Uingereza, watu wa mafaili na viti kama wengi wetu. Wanaume zaidi ya 16,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 64 waliandika kila walichofanya siku ya Ijumaa na Jumamosi. Mwaka 1973 alitoa jibu: wale waliofanya mazoezi ya nguvu nje ya kazi, kama kuogelea au kulima bustani kwa jasho, walikuwa na hatari ya kupata ugonjwa wa moyo iliyo kama theluthi moja tu ya wenzao. Maana yake karani hana haja ya kuacha ofisi akawe konda. Anaweza kuutafuta mwendo baada ya saa za kazi. Morris mwenyewe alikuwa anakimbia kwenye viwanja vya Hampstead Heath miaka ambayo mzee akionekana anakimbia bila kufukuzwa watu walimshangaa. Alifariki Oktoba 2009 akiwa na miaka 99. Sisemi mazoezi ndiyo yaliyomfikisha hapo, mtu mmoja si utafiti, lakini hakuyaaibisha aliyoyahubiri.

Sasa turudi kwenye lile swali la hakimu. Kama habari hii ilijulikana tangu 1953, kwa nini sisi tunapima kila kitu kwa kilo?

Mizizi iko mbali. Mwaka 1832 Mbelgiji mmoja, Adolphe Quetelet, aligundua kwamba kwa watu wazima uzito unaelekea kuongezeka kulingana na urefu uliozidishwa kwa wenyewe. Quetelet hakuwa daktari. Alikuwa mtaalamu wa nyota na takwimu, na alichokuwa anatafuta ni "mtu wa wastani", kama vile mnajimu anavyotafuta mahali sahihi pa nyota. Hakuwa anamtafuta mnene wala mgonjwa.

Waliogeuza uzito kuwa suala la kufa na kupona ni watu wa bima. Kampuni ya Marekani ya Metropolitan Life ilitoa majedwali ya "uzito unaofaa" kwa wanawake mwaka 1942 na kwa wanaume mwaka 1943, kisha ikayarekebisha mwaka 1959. Yalitokana na wateja wa bima, yaani Wamarekani wenye uwezo wa kukata bima enzi zile. Majedwali hayo yakaenea mahospitalini, na mtu aliyekuwa mzima jana akajikuta leo amezidi kwa mujibu wa karatasi iliyobandikwa ukutani.

Halafu mwaka 1972 mtafiti wa Marekani, Ancel Keys, na wenzake walikusanya vipimo vya wanaume zaidi ya 7,400 kutoka nchi tano, wakalinganisha kanuni mbalimbali, na kuona ile ya Quetelet inatosha. Wakaipa jina jipya linalofupishwa BMI: chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Nasema wanaume. Mwanamke hata mmoja hakuwamo. Na kanuni ilikusudiwa kuchunguza makundi makubwa ya watu, si kumkalisha dada mmoja kwenye kiti na kumwambia wewe ni mgonjwa.

Mnataka kuona mstari huo ulivyo wa kuchorwa na binadamu? Hadi mwaka 1998 Wamarekani walikuwa wanahesabu uzito umezidi kuanzia karibu 27 na kitu. Mwezi Juni mwaka huo taasisi yao ya taifa ya afya ikashusha mstari hadi 25, kulingana na Shirika la Afya Duniani. Mamilioni ya watu walilala wakiwa sawa wakaamka wamezidi, bila kuongeza hata gramu moja! Mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wakasema kwa watu wa Asia hatari inaweza kuanza chini ya hapo, wakapendekeza 23 kama alama ya kuchukua hatua. Na mwaka 2023 Chama cha Madaktari cha Marekani kikatamka rasmi kwamba BMI peke yake ni kipimo chenye kasoro.

Msinielewe vibaya. Sisemi unene wa kupindukia hauna madhara. Unahusiana na kisukari, presha na maumivu ya magoti, na hospitali zetu zinawajua wagonjwa hao. Mafuta yanayojikusanya tumboni ni hatari zaidi kuliko ya mapajani. Ninachosema ni kwamba namba moja haiwezi kukueleza moyo wako, mapafu yako na miguu yako vikoje, na kwamba ukiitazama hiyo tu unaweza kujiumiza.

Keys huyohuyo ndiye aliyetuonyesha jinsi mtu anavyoweza kujiumiza. Kati ya Novemba 1944 na Desemba 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, vijana 36 waliokataa kwenda vitani kwa sababu za dhamiri walijitolea kushindishwa na njaa. Lengo lilikuwa jema: kujua namna ya kuwarudishia afya watu wa Ulaya waliokuwa wanakufa kwa njaa. Kwa miezi sita walipewa kalori zipatazo 1,570 kwa siku huku wakitembea kilomita 35 hivi kwa wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Ila si uzito tu uliopotea. Walisikia baridi wakati wa joto. Wakawa wakali, wapweke, wenye huzuni. Hamu ya mapenzi ikafa. Wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi na kuota chakula usiku. Mmoja alijikata vidole kwa shoka. Waliporuhusiwa kula tena walikula bila kushiba, na mafuta yakarudi mwilini kuzidi yalivyokuwa mwanzo.

Nimewataja vijana hawa kwa sababu moja. Zungukeni mitandaoni leo mtaona ratiba za kula zinazompa mtu mzima chini ya kalori walizopewa wao, zimeandikwa kwa maua na mioyo, zinaitwa "safari ya mabadiliko". Bibi harusi anajinyima mwezi mzima ili gauni limkae, halafu baada ya fungate kilo zinarudi na ndugu zake, na yeye anajilaumu kwamba hana msimamo. Hana kosa! Mwili wake unafanya kile ambacho mwili wa binadamu hufanya ukidhani njaa imeingia nchini.

Na sisi tuna historia yetu ambayo Quetelet hakuijua. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waligunduliwa Tanzania, mkoani Kagera. Upande wa pili wa mpaka, Uganda, watu waliuita ugonjwa huo Slim, yaani wembamba, na mwaka 1985 madaktari waliuandika kwa jina hilohilo katika The Lancet. Fikirini maana yake. Wakati magazeti ya Ulaya na Marekani yakimsifu mwanamke mwembamba, huku kwetu wembamba ulikuwa tangazo la msiba. Aliyekonda alinong'onwa sokoni na kanisani kabla hajapimwa. Alikuwa na haki kabisa mtu wa kizazi hicho kujiona salama akinenepa, na mama kumlazimisha mwanawe amalize sahani. Dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, watu waliokuwa vitandani walinyanyuka, na kilo walizorudisha zilikuwa furaha ya nyumba nzima.

Kwa hiyo shangazi anapokuambia "Mbona umekonda hivyo, unaumwa?" usimkasirikie haraka. Hajasoma jarida la urembo, lakini amezika watu. Lakini na wewe una haki ya kumwambia kwa upole, "Shikamoo shangazi, mimi mzima, natembea tu siku hizi." Kipimo chake kilimsaidia wakati wake. Cha mashirika ya bima kiliwasaidia mabepari wao. Sisi tunahitaji chetu, na kwa bahati nzuri kipo na ni rahisi.

Kwanza, uzi. Mwaka 2022 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, ilishauri mtu ahakikishe kiuno chake ni chini ya nusu ya urefu wake. Chukua uzi wa urefu wako, ukunje katikati, uzungushe kiunoni usawa wa kitovu au juu yake kidogo. Ukikutana, huna haja ya kuikimbilia mizani. Usipokutana, kamwone daktari akupime presha na sukari badala ya kununua chai ya mtaani.

Pili, ngazi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inasema mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na kwamba hata kidogo ni bora kuliko bure. Kutembea kwa haraka kunahesabiwa, kucheza muziki harusini kunahesabiwa. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Ni jambo zuri, ila moyo hauna kalenda ya mara moja kwa mwezi.

Tatu, ulimi. Tuache kusalimiana kwa kilo. Badala ya "umenenepa" au "umekonda", kuna "habari za siku nyingi" na inatosha.

Mabasi yale ya London yenye makondakta, aina ya Routemaster, yaliondolewa kwenye safari za kawaida mwaka 2005. Dar es Salaam nako mwendokasi ulipoanza mwaka 2016 tiketi ikakatwa kituoni, na ndani ya basi konda hayupo. Kazi za ngazi zinapungua kila mwaka na viti vinaongezeka. Zamani mwendo ulikuja pamoja na mshahara. Siku hizi, kwa tulio wengi tunaokaa mbele ya kompyuta, lazima tuutafute wenyewe kama tunavyotafuta nauli.

Suka wa London hakufa kwa sababu ya ukubwa wa suruali peke yake. Alikalishwa kitini saa nane kwa siku, miaka nenda rudi, na hakuna aliyemwambia ashuke. Sisi tumeambiwa.

Je, wewe mwenzangu, leo umepanda ngazi ngapi?